Kozi ya katiba linganishi mtandaoni: moduli ya 3 imenilipa, ya 7 imeniudhi

Juzi nimemaliza hii kozi ya katiba linganishi, wiki nane, video na kwizi na insha mbili, unasomea hata kwenye simu. Jina la waliotengeneza silitaji maana nina lawama zangu huko chini na sitaki maneno. Mimi sheria nimesoma, ila ya nchi moja, na ukikaa na katiba moja miaka minne unaanza kuamini dunia nzima inaendeshwa hivyohivyo. Ndo kilichonifanya nijiunge.

Moduli ya 1 iruke tu. Ni yale ya mfumo wa Kiingereza unaojengwa na kesi na mfumo wa bara la Ulaya unaojengwa na vitabu vya sheria, mwalimu anaongea kama anasoma karatasi, utasinzia. Ya 2 afadhali, inaeleza vizuri Uingereza inaishije bila katiba ya kitabu kimoja.

Sasa moduli ya 3, hapo jamani wamefanya kazi. Swali ni moja tu, sheria mbovu ya Bunge, yaani inayovunja katiba, unaipeleka kwa nani? Mwalimu anachora mwananchi yuleyule, sheria ileile, anampitisha nchi tatu. Marekani anaingia mahakama yoyote, hata hakimu wa ngazi ya chini kabisa anaweza kukataa kuitumia kwenye kesi iliyo mbele yake, na hayo mamlaka hayajaandikwa waziwazi kwenye katiba yao, Mahakama ya Juu ilijitangazia yenyewe mwaka 1803 kwenye Marbury v. Madison. Austria kuanzia 1920, kwa mkono wa mwanasheria Hans Kelsen, ikatengenezwa mahakama maalum ya kazi hiyo na majaji wa kawaida hawaruhusiwi kufuta sheria ya Bunge. Halafu Ufaransa, yaani hii ndo iliniacha mdomo wazi, Baraza la Katiba lipo tangu 1958 lakini lilikuwa linakagua sheria kabla haijasainiwa tu, na wanaoipeleka ni wakubwa wa serikali na Bunge, na tangu 1974 wabunge au maseneta 60 wakiungana, mwananchi wa kawaida mlango wake umefunguliwa tarehe 1 Machi 2010. Miaka 52! Na siku zote hizo mimi nilikuwa nasema "Ufaransa wana mahakama ya katiba" kana kwamba nimemaliza mjadala.

Moduli ya 4 ina zoezi moja zuri sana. Wanakupa kura mbili za kutokuwa na imani uziweke pamoja. Uingereza, 28 Machi 1979, serikali ya Callaghan inaanguka kwa kura 311 kwa 310, nchi inaenda uchaguzi. Ujerumani Magharibi, Aprili 1972, Barzel wa upinzani anataka kumtoa Brandt, Kansela yaani mkuu wa serikali, anahitaji kura 249 anapata 247, basi, Brandt anabaki. Unaulizwa nini tofauti. Nikaandika kwa haraka "wingi wa kura", nikakosa. Kumbe Ujerumani ibara ya 67 inasema huwezi kumtoa Kansela mpaka hapohapo mmemchagua wa kumrithi, kwa hiyo kuchukizwa naye pamoja hakutoshi, mnatakiwa mkubaliane nani anakaa pale, na wapinzani wa pande mbili tofauti kukubaliana hilo ni kazi nyingine kabisa. Imefanikiwa mara moja tu, 1982, Schmidt kutoka Kohl kuingia. Nilirudia hilo zoezi mara tatu kwa raha zangu tu.

Ya 5 ni fundisho la muundo msingi wa katiba, yaani kama kuna vitu hata Bunge likiwa na theluthi mbili haligusi. Wanaanza na Ujerumani ambao wameliandika wenyewe 1949, ibara ya 79, halafu India ambako halijaandikwa popote, majaji 13 walikaa mwaka 1973 kwenye kesi ya Kesavananda, 7 kwa 6, likazaliwa. Tamu kweli. Tatizo likaja kwenye Kenya. Video inasema mahakama za Kenya zimelikubali fundisho hilo, full stop, na inaishia kwenye Mahakama ya Rufani 2021 kesi ya BBI, ule mchakato wa kubadilisha katiba yao. Wakati Mahakama ya Juu tarehe 31 Machi 2022 ilisema hapana, fundisho hilo halitumiki Kenya, ila mchakato wenyewe ukafa kwa sababu nyingine, kwamba rais hana ruhusa ya kupitia njia iliyowekwa kwa ajili ya wananchi. Sasa mtu akiandika insha kwa hiyo video si anaaibika? Kurekodi upya dakika tano tu kunashinda nini.

Na moduli ya 7. Hii ndo inayoniudhi. Sheria ya Kiislamu na sheria za kimila, vyote viwili, video moja ya dakika 25. Marekani peke yake ina masaa matatu. Misri wametajwa ibara ya 2 kwamba misingi ya sharia ndo chanzo kikuu cha sheria, wakapita, hakuna neno kuhusu mahakama yao ya katiba inavyoisoma hiyo ibara, na hapo ndo kwenye utamu. Mila ndo kabisa, wamezieleza kama mabaki ya zamani. Afrika Kusini katiba ya 1996 inawaamuru majaji wazitumie pale zinapohusika, mradi hazivunji katiba, na mwaka 2004 kwenye kesi ya Bhe mahakama ya katiba ikafuta kanuni ya urithi kwenda kwa mwanaume tu. Kesi moja hiyo ingetosha kubeba moduli nzima, haimo.

Sabtaito usizitegemee, zimetengenezwa na mashine na jina la Kesavananda limeandikwa kwa namna nne tofauti.

Nyota nne kwa ajili ya 3 na 4. Ila kwizi ya mwisho muwe macho na swali la 7: mahakama ya Uingereza ikikuta sheria ya Bunge inagongana na haki za binadamu inafanya nini? Nikajibu inatoa tangazo kwamba haviendani, ila sheria yenyewe inabaki palepale mpaka Bunge lenyewe libadilishe, ndivyo sheria yao ya haki za binadamu ya 1998 inavyosema, na ndivyo video yao ya moduli ya 2 inavyofundisha. Nikawekewa kosa, eti jibu ni "inaifuta". Nimewaandikia mara mbili, nimejibiwa na mashine mara mbili kwamba maoni yangu yana thamani. Jana nimefungua tena, swali lipo vilevile.