Elfu kumi yangu kwenye tamasha la watoto, Moshi

Tiketi elfu kumi, soda ujinunulie. Imeandikwa saa tisa, tumeanza saa kumi na nusu, halafu mgeni rasmi akahutubia mpaka watoto wa mstari wa mbele wakasinzia. Spika nazo zilikuwa zinalia kama mbuzi aliyefungwa kamba fupi.

Ila walipopanda wale watoto wa kata ya Pasua! Fidla sita, ngoma mbili. Binti wa kama miaka tisa, ndala miguuni, uzi mwembamba kabisa wa fidla yake ukakatika katikati ya wimbo. Hakusimama. Akahamia uzi wa pili, vidole vikasogea karibu na daraja, kile kibao kinachoinua nyuzi, akamaliza. Mimi napiga kinanda kwaya mwaka wa kumi na mbili huu. Ningeomba radhi nikashuka.

Mwalimu wao kaniambia fidla zinalala darasani, watoto wanapokezana. Kule Venezuela, mwanamuziki José Antonio Abreu alianzisha mafunzo ya muziki ya namna hii mwaka 1975, na okestra za watoto zikaenea nchi nzima.

Waandaaji, mwakani bandikeni mlangoni: za tiketi zimepatikana shilingi ngapi, zimenunua nini. Nitalipa tena, ila nitafika saa kumi na nusu.