Fundi wa funguo za magari Ngara: tathmini ya huduma ya kutoa ufunguo uliokatikia ndani ya ignisheni

Tathmini hii inamhusu fundi wa funguo za magari mwenye kibanda upande wa Ngara, hatua chache kutoka Barabara ya Kirinyaga, niliyemwita baada ya ufunguo wa gari langu kukatikia ndani ya ignisheni, yaani mahali pa kuwashia gari. Nitamwita tena nikipatwa na shida kama hiyo, ingawa alichelewa na ingawa nina malalamiko mawili nitakayoyaeleza. Alikitoa kipande kilichokwama bila kuharibu chochote kilichokuwa kizima, na katika kazi hii mteja mara nyingi hulipia uharibifu zaidi kuliko anavyolipia tatizo lenyewe.

Gari ni Toyota Fielder lililotumika Japani kabla ya kuletwa Kenya, na kama ilivyo kwa magari mengi ya aina hiyo, lilikuja na ufunguo mmoja tu. Sheria yetu huruhusu kuingizwa nchini magari yasiyozidi umri wa miaka 8, kwa hiyo ufunguo unaokabidhiwa mnunuzi wa Nairobi huenda umekwisha kuingia na kutoka katika silinda, sehemu ya ignisheni inayozunguka pamoja na ufunguo, mara maelfu kabla hajaushika, na miaka anayoliendesha hapa huongeza uchakavu huo. Chuma cha ufunguo huchoka pale shingoni, mahali unapotoka kwenye kichwa cha plastiki, na uzito wa funguo nyingine zinazoning'inia kwenye pete moja huongeza mzigo hapo hapo. Wangu ulikatika asubuhi, gari likiwa limeegeshwa gurudumu la mbele likigusa ukingo wa barabara.

Fundi alinieleza baadaye kwamba hilo la gurudumu lilichangia. Usukani hufungwa na pini ya chuma inayochomoza ufunguo unapoondolewa, na gurudumu likiwa limesukumwa na ukingo, pini hiyo hubanwa upande mmoja kwa nguvu kiasi kwamba silinda hukataa kuzunguka. Dereva akiongeza nguvu mkononi, nguvu hiyo huishia kwenye shingo ya ufunguo. Dawa yake ni kuutikisa usukani kidogo kushoto na kulia kwa mkono mmoja huku mkono wa pili ukizungusha ufunguo taratibu, pini ipate kuachia. Nimeendesha magari kwa muda mrefu na hakuna mtu aliyewahi kunieleza jambo hili, si katika shule ya udereva wala katika gereji yoyote.

Kabla ya kumpata fundi huyu nilipiga simu katika gereji moja ambayo sitaitaja. Bila kuliona gari, waliniambia dawa ni kutoboa silinda na kufunga ignisheni nyingine iliyotolewa kwenye gari lililovunjwa, kwa shilingi 22,000, nami nilipaswa kulileta gari kwao. Pendekezo hilo lina kasoro ambazo mteja hutambua baadaye. Ignisheni ya gari jingine huja na ufunguo wake, kwa hiyo utafungulia milango kwa ufunguo mmoja na kuwashia gari kwa mwingine, na aliyebaki na ufunguo wa pili wa ignisheni hiyo humjui. Isitoshe, gari la gia za otomatiki lililofungwa usukani na kuachwa kwenye P, gia ya kuegeshea, halivutwi kwa kamba. Linahitaji gari la kubebea mgongoni, na gharama hiyo haikuwamo katika zile shilingi 22,000.

Fundi wa Ngara alianza kuisaidia kazi kwa simu. Aliniuliza aina ya gari, mwaka wake, kama kipande kimechomoza au kimezama, na kama taa yoyote ya dashibodi inawaka. Kisha akasema, "Mama, usiingize kitu kingine humo kabla sijafika, hata kama mtu hapo anakwambia anajua." Onyo hilo lilifika kwa wakati, kwa sababu mlinzi wa maegesho alikwisha kunishauri kupaka gundi ya papo hapo kwenye ncha ya kijiti ili kivute kipande, na kijana mmoja alikuwa ameleta sumaku. Gundi ikigusa vibati, vile vipande vyembamba vya chuma vya ndani, silinda imekufa. Sumaku nayo haina kazi, kwa kuwa funguo nyingi za magari huchongwa kwa aloi ya shaba, ambayo sumaku haiivuti.

Alipofika, aliomba kwanza kitambulisho changu cha taifa na logibuku, hati ya umiliki wa gari, akalinganisha jina, nambari ya usajili na nambari ya chesisi, na hakufungua mkoba wa vifaa mpaka alipomaliza. Nakala ya logibuku nilikuwa nayo kwenye simu, jambo ambalo ningewahimiza wenye magari wote kuwa nalo. Wapo wateja watakaouona ukaguzi huo kuwa usumbufu. Kwangu mimi ndio uliompa alama za kwanza, kwa maana fundi anayeweza kuwasha gari lisilo na ufunguo bila kuuliza ni la nani, ataliwasha la kwangu pia kwa ajili ya mtu mwingine.

Kazi yenyewe ilistahili kutazamwa. Ndani ya silinda mna vibati vyembamba vinavyosukumwa na springi ndogo, na ufunguo sahihi unapoingia, kila kibati husogea kwa kiasi chake mpaka vyote vinalingana na ukingo, ndipo silinda huweza kuzunguka. Ikishazunguka, vibati hubanwa na ukuta wa nje, haviwezi kupanda wala kushuka, na hivyo huyashikilia meno ya ufunguo; ndiyo sababu ufunguo hautoki gari likiwa limewashwa. Ufunguo wangu ulikatika silinda ikiwa imekwisha kuzunguka kidogo kutoka mahali pa kufungia. Mtu angeweza kukivuta kipande kutwa nzima kikakataa, au kikakatika tena. Fundi alimulika kwa tochi ya kichwani, akaliona hilo mara moja, akapitisha chuma chembamba kando ya kipande na kukirudisha pamoja na silinda hadi mahali pa kufungia, huku mimi nikiutikisa usukani kama alivyonielekeza.

Baada ya hapo alipuliza kilainishi kikavu kidogo sana. Nilimwuliza kwa nini hatumii mafuta ya kawaida ambayo kila gereji hunyunyizia kitasa kikigoma, akajibu kwamba mafuta hunasa vumbi, na vumbi la Nairobi likichanganyika nayo hugeuka tope linalozuia springi. Kisha akaingiza vyuma viwili vyembamba vyenye vijino vinavyotazama nyuma, kimoja juu na kimoja chini, kwa kuwa ufunguo wa aina hii una meno pande zote mbili, akavigeuza kidogo ili vinase na kuvuta kwa pamoja. Kipande kilitoka polepole, kikiwa kizima. Hakutumia nyundo, hakutoboa, wala hakufungua kifuniko cha usukani.

Hatua iliyofuata ndiyo iliyonishawishi kuandika. Vibanda vingi vya funguo mjini huchonga kwa kunakili: ufunguo wa zamani huwekwa upande mmoja wa mashine, ufunguo usiochongwa upande wa pili, na gurudumu la kukatia hufuata umbo la ule wa zamani. Kwa kufuli ya mlango wa nyumba hilo linatosha. Kwa ufunguo wa gari uliochakaa, unachopata ni nakala mpya ya uchakavu ule ule, na kosa dogo la mashine huongezwa juu yake. Ufunguo wa namna hiyo hukwaruza vibati, hukataa kuzunguka asubuhi fulani, na dereva hurudia kutumia nguvu ile ile iliyovunja wa kwanza. Fundi huyu alikiunganisha kipande na kichwa chake, akapima kila jino kwa kalipa, kifaa cha kupimia vipimo vidogo, kisha akasoma kwenye jedwali ni kina kipi cha kiwandani kilichokusudiwa, kwa kuwa watengenezaji hutumia vina vichache vilivyopangwa na wala hawachongi kiholela. Alirudi kibandani kuchonga, nami nikafuatana naye. Ufunguo mpya una meno makali kuliko ule niliopewa nilipolinunua gari, na unazunguka kwa wepesi ambao sikuwahi kuuhisi katika gari hili. Aliujaribu pia kwenye mlango wa dereva na buti kabla ya kuukabidhi.

Gari langu lina imobilaiza, mfumo unaozuia injini kuwaka kwa ufunguo usiotambuliwa, na hapa mafundi wengi huongeza bili bila sababu. Ndani ya kichwa cha ufunguo mna chipu ndogo kama punje ya mchele, isiyo na betri, ambayo hupata nguvu kutoka kwa koili iliyozunguka tundu la ignisheni na kujibu kwa namba yake. Kompyuta ya gari isipoitambua namba hiyo, injini haiwaki hata kama chuma kimechongwa sawasawa. Kilichokatika kwangu ni chuma, chipu ilibaki salama. Fundi aliihamisha kwenye kichwa cha ufunguo mpya, na injini ikawaka bila kuunganisha kifaa chochote kwenye gari. Angeweza kuniuzia chipu mpya na kunitoza gharama ya kuisajili, nami nisingejua. Kwa hiyo ukikatikiwa na ufunguo, kitunze kichwa cha plastiki hata kama kinaonekana hakina maana tena.

Nilimwomba vilevile anitengenezee ufunguo wa akiba, na kwa huo chipu mpya ilihitajika na ilisajiliwa kupitia soketi iliyo chini ya dashibodi. Hapo ndipo lalamiko langu la kwanza. Bei ya kutoa kipande, shilingi 3,000 pamoja na nauli yake, na ya kuchonga, shilingi 2,500, nilitajiwa kabla ya kazi. Bei ya ufunguo wa akiba, shilingi 6,500, nilitajiwa ulipokwisha kutengenezwa. Sidai kwamba ni ghali, ila mteja anastahili kuijua mapema, na fundi mwangalifu kiasi hiki hana sababu ya kuacha pengo kama hilo. La pili ni muda: aliahidi kufika kabla ya saa nne, akafika karibu saa sita, bila simu ya kunijulisha. Msongamano wa Barabara ya Murang'a asubuhi naufahamu, lakini ujumbe mfupi ungeniondolea hofu ya kusimama kando ya gari nisiloweza kulisogeza, nikisubiri maafisa wa kaunti wa maegesho waje kulifunga mnyororo gurudumu. Risiti pia ilinibidi niiombe, ingawa aliiandika vizuri, ikiwa na nambari ya gari na kazi iliyofanyika, nami nikalipa kwa M-Pesa.

Vipande vyote vya ufunguo wa zamani alinirudishia bila kuombwa, pamoja na karatasi yenye vina vya meno. Akanitahadharisha nisiipige picha na kuituma kwa mtu, kwa sababu yeyote mwenye tarakimu hizo anaweza kuchonga ufunguo wangu bila kuligusa gari.

Huduma yake inawafaa zaidi wenye Toyota, Nissan, Mazda na Honda za ufunguo wa chuma. Mwanamume aliyekuja kibandani na ufunguo wa Mercedes-Benz aliambiwa waziwazi kwamba kazi hiyo haifanywi hapo na akaelekezwa kwingine. Hufungua Jumatatu hadi Jumamosi. Jumapili hutoka kwa dharura tu na hutoza zaidi, kwa hiyo anayemwita siku hiyo aulize jumla ya bei zote, ya ufunguo wa akiba ikiwemo, kabla fundi hajaondoka Ngara.