TAHADHARI: Mabango ya "Ngare Ndare na ziplaini, siku moja, shilingi 1,500"

Mnaopanga kwenda kutembea juu ya miti wikendi hii, subirini kidogo kabla ya kutuma arbuni. Bango la safari ya siku moja kutoka Nairobi linaloahidi daraja la juu ya miti la msitu wa Ngare Ndare pamoja na ziplaini (mchezo wa kuteleza kwenye waya ukiwa unaning'inia) ya Kereita, usafiri, kiingilio na chakula vikiwemo, ni bango la wizi. Ramani peke yake inatosha kuliumbua.

Kereita iko karibu na Kimende, kwenye barabara ya kwenda Naivasha, ukingo wa kusini wa Aberdare. Ukitoka mjini mapema unafika ndani ya saa moja na nusu. Ngare Ndare iko mbali huko, kupita Nanyuki na Timau, kwenye miteremko ya kaskazini ya Mlima Kenya, na gari huchukua saa nne hadi tano. Ziplaini ya Kereita ina nyaya sita, jumla kama kilomita 2.2, na kundi la watu 14 halimalizi kwa dakika ishirini: kila mmoja anavalishwa, anakaguliwa, anangoja wa mbele yake apokelewe upande wa pili. Daraja la Ngare Ndare lina urefu wa mita 450 hivi, na unaingia msituni ukiwa na mlinzi kwa sababu ndovu na nyati wako mle. Hakuna dereva wa kuvimaliza vyote viwili akakurudisha mjini saa kumi na mbili jioni.

Sasa pigeni hesabu. Nairobi hadi Ngare Ndare na kurudi ni karibu kilomita 500. Van ya watu 14 inayokwenda kilomita kumi kwa lita inakunywa lita 50. Tukiiweka lita kwa shilingi 180, hiyo ni 9,000. Watu 14 kwa 1,500 wanaleta 21,000. Zinabaki 12,000, yaani shilingi 857 kwa kila mtu, za kukodi gari, kumlipa dereva, kiingilio, ada ya daraja, mlinzi na chakula. Haiwezekani, na aliyeandika bango anajua haiwezekani.

Wanavyofanya ni hivi. Unaingizwa kwenye grupu la WhatsApp. Wanne au watano humo ni wao wenyewe, wanaandika "nimelipa, asante" kila baada ya dakika chache. Admini anasema zimebaki nafasi tatu. Unatuma nusu, na usiku wa kuamkia safari unaombwa salio "ili tulipie lango mapema". Asubuhi mko kando ya Archives, jengo la nyaraka za taifa katikati ya Nairobi, na mabegi yenu, simu yake imezimwa, grupu limefungwa. Njia yao ya pili inauma zaidi: van inakuja kweli, inawafikisha langoni, kisha mnaambiwa kiingilio na daraja havikuwemo. Wenye pesa wanaingia. Wengine, mara nyingi wazazi waliokuja na watoto, wanabaki nje ya lango wakingoja jioni.

Kabla ya kulipa, pigeni simu kwa usimamizi wa msitu wenyewe, si kwa namba iliyo kwenye bango, muulize maswali mawili: ada ya mwananchi ni ngapi leo, na je, kundi la jina hili limeandikishwa tarehe hiyo? Kumbukeni kwamba ada ya kuingia msituni na ada ya mchezo mara nyingi hulipwa kando, kwa hiyo neno "kiingilio" peke yake halina maana; mwambieni mwenye bango aandike kila kitu kimoja kimoja. Wakala wa utalii Kenya anatakiwa kuwa na leseni ya Mamlaka ya Udhibiti wa Utalii, na inalipiwa kila mwaka. Ombeni picha ya leseni ya mwaka huu, kisha mlinganishe jina lake na jina linalotokea M-Pesa kabla hujakamilisha malipo. Kampuni ikikutaka utumie pesa kwa namba ya mtu binafsi badala ya till au paybill (namba za malipo ya biashara) yenye jina lake, acha hapo hapo.

Waandaaji wengine watawapeleka kwenye ziplaini za bei rahisi zilizofungwa shambani kwa mtu. Angalieni mahali waya unapozunguka mti au nguzo na kurudi kujifunga. Pawe na klipu (vibanio vya chuma vyenye umbo la herufi U upande mmoja) tatu au zaidi, na upande wa herufi U uwe umekalia ncha fupi iliyobaki, si waya mrefu unaobeba mtu. Zikigeuzwa, U inaukata waya mrefu polepole, nyuzi moja moja, na kwa mbali huoni kitu. Waya uliozungushwa kwenye gome bila mbao za kukinga unaumaliza mti na unajilegeza wenyewe. Mtu aning'inie kwa viungo viwili, kimoja kwenye kapi (gurudumu linaloteleza juu ya waya) na cha pili cha akiba, na kila karabina, yaani pete ya chuma ya kuunganishia, iwe na kifungo cha kukaza. Mwisho wa waya pawe na breki ya pili, kwa sababu kijana mwenye glavu hawezi kumsimamisha mtu wa kilo 95 waya ukiwa umelowa mvua. Mwenye ziplaini asipokuuliza uzito wako, usipande.

Umeshatuma pesa? Peleka ujumbe wa M-Pesa kwenda 456 papo hapo kuomba zirudishwe. Zikishatolewa, uwezekano ni mdogo sana. Namba ya tapeli itume 333. Piga picha mazungumzo yote ya grupu kabla hujaondolewa, uyapeleke kituo cha polisi na usiondoke bila namba ya OB (kitabu cha matukio cha polisi). Unaweza pia kuripoti kwa DCI, idara ya upelelezi wa jinai, bila malipo, 0800 722 203.