Chujio la nje kwenye tangi la mbuna: uzoefu wangu

Tangi la samaki lina urefu wa sentimita 120, upana 40 na kimo 50, yaani lita 240 kabla ya mawe na mchanga. Waliomo ni mbuna, samaki wa miamba wa Ziwa Nyasa: Labidochromis caeruleus wa njano, Maylandia estherae wa rangi ya chungwa, na kundi la demasoni wenye michirizi ya bluu na nyeusi, ambao asili yao ni miamba ya upande wa Tanzania. Chujio lenyewe ni lile la ndoo iliyofungwa, linalokaa kabatini chini ya tangi: trei nne, wati 25, na boksi limeandikwa lita 1,200 kwa saa. Nalitumia Dar es Salaam, kwenye joto letu na umeme wa kukatikakatika. Nalipatia nyota nne kati ya tano.

Hiyo 1,200 usiipigie hesabu, maana hupimwa trei zikiwa tupu. Ukishapanga sponji na vigae, mpira wa maji nao ukaanza kuota utelezi ndani, kasi inashuka sana. Pima mwenyewe: shika ndoo ya lita 10 usawa wa maji ya tangi, elekezea mpira wa kurudishia maji, hesabu sekunde. Usiiweke ndoo sakafuni, kwani maji yakishuka yatajiongezea kasi na utapata jibu la uongo. Langu hujaza ndoo kwa sekunde 50 hivi, sawa na lita 720 kwa saa, yaani mara tatu ya tangi. Kwa samaki wachache ingetosha. Mbuna lakini huwekwa wengi makusudi, 20 hadi 25 kwa tangi kama hili, ili ubabe wa madume usimwangukie mmoja. Kwa hiyo naongeza chujio la sponji la pampu ya hewa kwenye kona, na hilo lina kazi nyingine nitakayoieleza.

Kwenye modeli hii maji huingilia chini ya ndoo na kupanda, hivyo mpangilio wa trei huanzia chini. Trei ya kwanza sponji ya matundu makubwa, ya pili na ya tatu vigae vya kauri ambako hukaa bakteria wanaokula amonia, sumu itokanayo na uchafu wa samaki, ya juu pamba laini. Kaboni inayokuja na boksi iweke akiba ya kuondolea dawa baada ya tiba. Siku za kawaida inakula nafasi bure. Mahali pake mimi huweka mfuko wa wavu wenye maganda ya chaza yaliyosagwa, gramu 500, yaliyooshwa mpaka maji yatoke safi. Yanayeyuka polepole na kushikilia pH (kipimo cha asidi ya maji) kwenye 8 na kitu, ndiyo mbuna wanayotaka. Ndani ya chujio maji hupita katikati yake, kwa hiyo yanafanya kazi vizuri kuliko yakitawanywa chini ya tangi na kufunikwa na uchafu.

Adui mkubwa wa chujio hili ni mchanga. Mbuna wanachimba kutwa, wanaubeba mdomoni na kuutema popote, hata kwenye mdomo wa bomba la kuvutia maji. Liinue bomba hilo sentimita 15 juu ya mchanga na ulivike sponji; sponji hiyo inaokoa pia vifaranga vinavyotemwa na jike baada ya wiki tatu za kuvibeba mdomoni. Baadhi ya mchanga wa pwani yetu una chembe nyeusi zenye chuma. Zikiingia, hunata kwenye sumaku ya impela, kile kigurudumu cha pampu kinachosukuma maji. Ukiivuta utaziona zimeizunguka kama ndevu, na plastiki imekwanguka mstari. Kelele ya kukwaruza inaanzia hapo. Kabla ya kutumia mchanga, ukaushe, uutandaze kwenye sinia na kupitisha sumaku ya spika ya zamani iliyofungwa kwenye mfuko wa nailoni, mpaka isibebe kitu.

Sasa umeme. Ndoo ya chujio imefungwa, haina hewa. Pampu ikisimama, bakteria wanamaliza oksijeni iliyomo, wanaanza kufa, na baada ya saa kadhaa maji ya ndani yananuka kama mayai viza. Umeme ukirudi, chujio linayamwaga yote kwenye tangi. Kwa mbuna hilo ni baya kuliko kwa samaki wa maji laini, kwa sababu ukali wa amonia unategemea pH: kwenye pH 7 sehemu yenye sumu haifiki asilimia 1, lakini kwenye 8.2 na joto la nyuzi 28 ni kama moja ya kumi. Kwa hiyo umeme ukikatika zaidi ya saa mbili, chomoa plagi na ufunge vali. Ukirudi, mwaga maji ya ndoo, suuza trei kwa maji ya tangi, jaza upya, ndipo uwashe. Muda huo wote lile chujio la sponji linaendelea kwa pampu ya hewa ya betri, na bakteria wake wanabaki hai. UPS ndogo ya kompyuta (betri ya akiba) ni msaada wa muda mfupi tu, na nyingi hutoa mkondo usio laini unaofanya pampu ivume na kupata moto.

Kusafisha: pamba kila wiki mbili, sponji kila wiki nne hadi sita, vigae pale kasi inaposhuka tu, na kamwe si vyote siku moja. Tumia maji uliyotoa kwenye tangi, kwa kuwa klorini ya bomba inaua bakteria. Kabla ya kufunga, futa mpira wa kuzibia kwa kidole. Chembe moja ya mchanga inatosha kuvujisha kabati zima. Upake mpira huo grisi ya silikoni, si mafuta ya mgando, ambayo huweza kuulegeza na kuuvimbisha. Pampu ikiguguma baada ya kuwasha ni hewa iliyonaswa: inamisha ndoo huku na huku mpaka povu liishe.

Nyota moja nimeikata kwa ajili ya vibano vya mfuniko, plastiki nyembamba inayoanza kuchanika pembeni, na kwa sababu vipuri vyake ni shida kupata. Ukinunua, chukua na impela ya akiba pamoja na mpira wa kuzibia siku hiyohiyo.

Nitreti, mabaki ya kazi ya bakteria hao, chujio haliondoi, hivyo asilimia 30 hadi 40 ya maji bado hubadilishwa kila wiki. Na likiwa jipya halina bakteria. Lipe wiki nne hadi sita kabla ya kujaza samaki, au liendeshe sambamba na chujio kuukuu kwenye tangi hilohilo. Kwa tangi la chini ya lita 100, machujio mawili ya sponji yatakufaa zaidi na kwa bei ndogo.