Uzoefu wangu na Wi-Fi ya meshi nyumbani Mbeya: waya ulinifaa kuliko kifaa cha tatu

Nyumba yetu ya Iwambi, jijini Mbeya, imejengwa kwa matofali ya kuchoma ya kulaza, kuta zake ni nene, na nyuma yake kuna chumba cha uani ambacho nimekigeuza ofisi ya kufanyia mahesabu ya wateja wangu. Fundi wa faiba alipokuja alifunga ruta sebuleni karibu na dirisha, kwa kuwa ndipo waya kutoka kwenye nguzo ulipofikia kwa urahisi, wala hakuuliza tunafanyia kazi wapi. Kifurushi chetu ni cha megabiti 20 kwa sekunde. Sebuleni nilizipata zote. Chumbani kwa watoto nilipata 3, na uani simu ilionyesha alama ya Wi-Fi lakini barua pepe haikufunguka.

Kwanza nilijaribu ripita ya bei nafuu. Ilipokea mawimbi na kuyarusha upya kwa redio ileile, hivyo kasi ikapungua karibu nusu, na kwa kuwa ilikuwa na jina lake la mtandao, kila nilipovuka korido ilinibidi nibadilishe mtandao kwenye simu kwa mkono. Niliivumilia miezi miwili.

Katika kuchagua meshi, yaani seti ya vifaa kadhaa vinavyorusha Wi-Fi moja yenye jina moja nyumba nzima, nililinganisha TP-Link Deco, Tenda Nova na Mercusys Halo, ambazo kwa daraja la bei ninayoimudu zinafanana sana, na kwa sababu hiyo nitaeleza daraja badala ya chapa. Nilichukua seti ya vifaa vitatu ya AC1200. Namba hiyo isimdanganye mtu: ni jumla, iliyokadiriwa kwenda juu, ya megabiti 300 kwa sekunde za redio ya gigahezi 2.4 na 867 za redio ya gigahezi 5, tena ni za kinadharia, na hakuna simu itakayozitumia zote kwa pamoja. Kwa kifurushi cha megabiti 20 sikuona sababu ya kulipia daraja la juu zaidi. Jambo nililolikagua kwa makini ni kama kila kifaa kina matundu ya waya wa mtandao, na baadaye nilishukuru kwamba nilikagua. Seti hiyo niliagiza Kariakoo, ikaja kwa basi, nikaipokea Stendi ya Nane Nane.

Kuwasha vifaa kulichukua chini ya nusu saa kwa kufuata programu ya simu. Kosa langu lilikuwa la mahali pa kuviweka. Cha pili nilikiweka chumbani kwa watoto na cha tatu uani, yaani palepale ambapo mtandao haukufika, nikidhani dawa hupakwa penye kidonda. Taa ya kile cha uani ikawa nyekundu siku nzima. Kifaa cha meshi hakizalishi intaneti. Kinagawa kile kinachokipokea, kwa hiyo kinapaswa kukaa mahali ambapo mawimbi bado yana nguvu, katikati ya njia. Nilipokihamishia cha pili koridoni, juu ya kabati la vyombo na mbali na friji, chumba cha watoto kilipanda hadi megabiti 17.

Uani paligoma. Kati ya korido na ofisi kuna kuta mbili nene na mlango wa chuma, na mawimbi ya gigahezi 5 hayapendi kuta hata kidogo. Hapo ndipo niliponunua mita 25 za waya wa mtandao wa aina ya Cat6, nikaupitisha ndani ya bomba la plastiki nililolifukia kando ya ukuta, kutoka kifaa cha sebuleni hadi cha uani. Katika duka la kwanza nilikwangua ncha ya uzi mmoja kwa kisu, na chini ya rangi ya shaba kukatokea weupe wa alumini. Niliurudisha nikaenda duka jingine, nikalipa zaidi, nikapata shaba tupu. Ofisini sasa napata megabiti 19, na naweza kuanza simu ya video sebuleni na kuimalizia uani bila kukatika. Masika, radi zinapoanza kunguruma, nauchomoa waya huo pande zote mbili, kwa kuwa unapita nje.

Mambo mawili yalinisumbua baadaye. La kwanza, ruta ya faiba na kifaa kikuu cha meshi vyote vilikuwa vikigawa anwani za mtandao kwa simu na kompyuta, na printa iliyounganishwa kwenye ruta haikuonekana kutoka kwenye kompyuta; niliiweka meshi katika hali ya aksesi pointi, yaani irushe Wi-Fi tu na kuiachia ruta kazi ya kugawa anwani, na tatizo likaisha, ingawa kwa kufanya hivyo nilipoteza baadhi ya vidhibiti vya muda wa watoto. La pili ni umeme. Nilinunua ki-UPS kidogo cha volti 12, yaani betri ya akiba, kwa ajili ya meshi, umeme ukakatika, simu zikaonyesha Wi-Fi imejaa na intaneti haipo, maana kisanduku cha faiba chenyewe kilikuwa kimezimika. Sasa vyote viwili vinatumia UPS hiyo, baada ya kuhakiki volti na ampea zilizoandikwa kwenye adapta zake.

Mwezi uliopita nilikizima kifaa cha korido kwa makusudi, kisha nikakiweka cha sebuleni juu ya rafu iliyo karibu na mlango wa korido badala ya nyuma ya televisheni. Chumba cha watoto kilishuka hadi megabiti 14, na kwa wiki mbili hakuna aliyelalamika. Kwa nyumba ya ukubwa wa kwetu, seti ya vifaa viwili pamoja na waya mmoja mzuri ingetosha. Kile cha korido sasa kimo ndani ya boksi lake, na jirani yangu, ambaye nyumba yake ni ya vyumba viwili, ameshaanza kukiulizia bei.