Nimeng'oa filta ya dizeli ya kiwandani, nikafunga yenye bakuli: uzoefu wangu

Nianze na lile linaloulizwa na kila mtu: hapana, gari halijaongezeka nguvu, na ulaji wa mafuta ni ule ule. Anayekuuzia filta kwa maneno hayo mwache aongee peke yake. Kiasi cha dizeli kinachoingia kwenye silinda kinapangwa na kompyuta ya injini. Filta isiyoziba, iwe ya kiwandani au ya kampuni nyingine, inapitisha kinachotakiwa na basi. Ukiona gari limechangamka baada ya kubadilisha, ujue ile uliyotoa ilikuwa imeshachoka.

Mimi nilibadilisha kwa ajili ya maji. Pikapu yangu ni ya dizeli, mfumo wa komoni reli, yaani bomba moja lenye presha kubwa linalogawia nozeli zote mafuta. Pampu ya presha kubwa kwenye injini za aina hii hupandisha mafuta hadi baa 1,600 na zaidi, na ndani ya nozeli, zile zinazonyunyiza dizeli kwenye silinda, vyuma vinapishana kwa nafasi ya mikroni chache tu (mikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita), wakati unywele wa mtu una kama mikroni 70. Tena hakuna oili inayofika huko. Dizeli yenyewe ndiyo inayolainisha. Maji yakipenya, vyuma vinasagana vikavu na kutu inafuata. Filta ya kiwandani ilikuwa na sensa ya kuwasha taa kwenye dashibodi, sikatai, lakini taa haiwaki mpaka maji yajae hadi kiwango fulani. Kabla ya hapo unaendesha kwa imani, maana kopo lenyewe ni jeusi, huoni kitu.

Seti niliyofunga ina kichwa cha alumini chenye pampu ya mkono, elementi (sehemu yenye karatasi ya kuchuja) ya kuzungusha kama filta ya oili, kubwa kuliko ya zamani, na chini yake bakuli la plastiki angavu lenye koki na sensa yake. Bakuli hilo ndilo nililolipia, mengine ni nyongeza. Maji ni mazito kuliko dizeli, kwa hiyo gari likilala usiku kucha yanashuka, na asubuhi unafungua boneti unaona mpaka wenyewe: juu dizeli, chini maji yametulia, na mara nyingine vumbi jeusi limekaa kwenye kitako. Siku nikijaza mafuta mahali nisipopaamini, kesho yake natazama hapo kwanza. Kumwaga kuna namna yake. Filta iko upande ambao pampu inavuta mafuta kutoka kwenye tenki, kwa hiyo ukifungua koki peke yake hakitoki kitu cha maana. Unalegeza skrubu ya hewa iliyo juu, maji yanashuka kwenye kikopo, na dizeli tupu ikianza kutoka unafunga vyote viwili na kupiga pampu ya mkono mpaka iwe ngumu.

Hapo kwenye kuvuta ndipo palipo na usumbufu wote wa kazi hii. Mpira ukilegea upande huu, dizeli haidondoki chini ukaiona. Hewa ndiyo inayoingia. Sakafu kavu, mipira mikavu, lakini asubuhi staa, mota ya kuwashia injini, inazunguka weee kabla injini haijashika. Klipu za bati zilizokuja na seti zilikuwa nyepesi mno, zinabana upande mmoja na kuacha mwingine. Fundi aliweka kipande cha mpira angavu baada ya filta, na mapovu tukayaona yakipita moja moja. Tuliweka klipu zinazobana mzunguko mzima kwa bolti, mapovu yakakoma. Kwa seti inayojisifu kulinda pampu, kubania kwenye klipu ni aibu.

Kuhusu mikroni za filta, yaani ukubwa wa chembe inazozuia, usinunue kwa kutazama namba ndogo kuliko zote. Racor, watengenezaji wa filta, kwa mfano, wanauza elementi za mikroni 2, 10 na 30, na kila moja ina mahali pake. Ukibakiza filta ya kiwandani na kutanguliza nyingine mbele yake, ya 30 inatosha: inazuia maji na takataka kubwa, na chembe ndogo zinachujwa na ile ya nyuma. Ukiondoa ya kiwandani kama mimi, mpya lazima izuie chembe ndogo angalau kama uliyoitoa, na iwe na eneo kubwa la karatasi ili pampu isivute kwa shida. Tena mikroni 10 ya huyu si mikroni 10 ya yule. Tafuta namba ya Beta. Beta 75 kwa mikroni 10 maana yake ni kwamba katika kila chembe 75 za ukubwa huo au zaidi zinazofika, inapita 1. Kipimo kinachotambulika kwa filta za dizeli na petroli ni ISO 19438. Boksi lisilosema lolote zaidi ya "ubora wa juu" nalirudisha rafuni.

Zile filta zinazong'aa za wavu wa chuma, za kuosha na kurudisha, kwa komoni reli sizigusi. Nyingi zina matundu ya mikroni 40 hadi 100. Kuondoa karatasi ya kiwandani na kuweka wavu huo ni kurudi nyuma huku ukilipia.

Bakuli la plastiki nalo lisikae karibu na bomba la moshi, wala mbele kabisa ambako kugongwa kidogo tu kunalipasua. Braketi ya seti ilikuwa na matundu mengi, tukapata pembe nzuri karibu na ukuta wa injini.

Jambo la mwisho ni la wakati wa kubadilisha elementi. Mafundi wengi wana mazoea ya kuijaza dizeli kutoka kwenye dumu ili injini iwake haraka. Ikimiminwa kwenye tundu la katikati, dizeli hiyo iko tayari upande uliokwisha chujwa, na uchafu wa dumu unakwenda moja kwa moja kwenye pampu na nozeli. Fungeni ikiwa tupu, mpige pampu ya mkono. Mkono utachoka kidogo.