Bustani ya mamba, Malindi: ulishaji mzuri, meza ya picha irekebishwe

Kabla ya kukata tiketi, uliza siku ya kulisha. Mamba mkubwa hulishwa mara moja au mbili kwa wiki. Siku nyingine utatazama magogo yaliyoanikwa juani. Msimu wa kusi, baridi ikiingia, hata nyama huwa hawaikimbilii, maana joto la kusagia chakula hulipata kwenye jua.

Ulishaji wenyewe ni kazi safi. Mtunzaji hugonga ndoo ukutani, na vichwa vyote humgeukia kabla nyama haijaonekana. "Wanamjua," mwongozaji huwaambia watalii. Wanachokijua ni ndoo. Mtazame mtunzaji miguu: hakanyagi ukingo wa maji, fimbo ndefu iko mbele yake daima, na mlango wa ndani haufunguliwi mpaka wa nje uwe umefungwa. Yeye ndiye anayewajua.

Mabwawa yamegawanywa kwa ukubwa wa mamba, si kwa umri. Hapo wamepatia: wakubwa hula wadogo, hata ndugu wa kiota kimoja.

Kasoro iko kwenye meza ya picha. Kitoto cha mamba kilichofungwa mdomo kwa utepe hupitishwa mkono kwa mkono. Utepe huo mwembamba unatosha, kwa kuwa misuli ya kufungua taya ni dhaifu. Nguvu yote iko kwenye kufunga. Lakini pale hakuna maji wala sabuni, na mamba mwenye afya kabisa anaweza kubeba vijidudu vya salmonela, vile vinavyoharisha. Mtoto akitoka hapo anashika mahamri.

Halafu yale maneno utakayoyasikia hapo, kwamba mamba akilelewa tangu yai anakuwa kama paka! Kuzoea ndoo ni jambo la mnyama mmoja. Kufugika ni jambo la vizazi. Kule Novosibirsk, Urusi, tangu 1959, watafiti wamekuwa wakichagua mbweha wapole tu wa kuzalisha, kizazi baada ya kizazi, na mbweha huanza kuzaa akiwa na mwaka mmoja hivi. Jike la mamba hungoja miaka kumi au zaidi ndipo atage. Hawa ni mamba wale wale wa Mto Sabaki, ila wamejengewa ukuta.

Anayetamani kitoto cha mamba cha kufuga nyumbani ajue kwamba sheria ya wanyamapori ya 2013 inadai kibali, na kwamba kitoto cha sentimita 30 hakikai kwenye beseni muda mrefu.

Nyota nne. Ya tano ni ya siku watakapoweka mfereji wa maji kando ya ile meza.